Siku tatu, usiku mbili Joshua Tree: mwongozo kamili wa kambi ya jangwani

Mara ya kwanza nilipokwenda Joshua Tree tulikuwa watu wazima wanne na katoni moja ya maji, zile chupa ndogo za nusu lita. Vingine vyote vilikuwepo: spika, viti vya kukunja, sufuria ya pilau, hadi kinu cha kutwangia viungo. Jumamosi saa sita mchana katoni ilikuwa imekwisha, na shemeji yangu alikuwa ameinama juu ya deli, anakinga kwa kikombe barafu iliyoyeyuka, ile ile iliyolaliwa na kuku usiku kucha, akiuliza kama ikichemshwa inanyweka. Tukafunga hema, tukaingia garini, tukaenda mjini kutafuta maji. Siku ikaishia barabarani.

Nimerudi mara kadhaa tangu hapo, na siku hizi naipanga safari hii kwa kuanzia nyuma. Kwanza maji. Pili, jua litakuwa wapi saa ngapi. Mandhari ndiyo yanafuata. Ukipanga hivyo, siku tatu na usiku mbili zinatosha kuliona jangwa vizuri na kurudi nyumbani Jumapili ukiwa bado unaongea na mkeo.

Hifadhi ya Taifa ya Joshua Tree iko kusini mwa California, Marekani, kama kilomita 220 mashariki ya Los Angeles. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 3,200. Eneo lilianza kulindwa mwaka 1936, likapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1994. Majangwa mawili yanakutana ndani yake: Mojave upande wa magharibi, ulioinuka na wenye baridi zaidi, na Colorado upande wa mashariki, chini na kwenye joto. Mti uliolipa eneo jina unaota huko juu Mojave. Mtu wa Tanga akiuona atasema ni mkonge ulioota matawi, na hatakuwa amekosea sana, maana wataalamu wa mimea wanauweka mti huu na mkonge katika ukoo mmoja. Mimi niliyekulia Mwanza kilichonishika ni mawe. Matale ya mviringo yamebebana, moja juu ya jingine, mengine yameegemea kidogo tu kama yanasubiri kusukumwa. Nilisimama pale nikadhani nimerudi Capri Point, tofauti tu ziwa limekauka.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi

Oktoba hadi Aprili, basi. Katika miezi ya vuli na ya machipuko joto la mchana linakuwa kwenye nyuzi 29 za Selsiasi, na usiku linashuka hadi 10 hivi. Desemba hadi Februari mchana ni kama nyuzi 15, usiku maji yanaganda. Kiangazi cha huku ni habari nyingine: joto linapita 38, na hata usiku halishuki sana chini ya 24. Usidanganyike kwamba umezoea jua la nyumbani. Jua la Dar lina unyevu na upepo wa bahari. Hapa jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hiyo unapoteza maji mwilini bila shati kulowa.

Kati ya Julai na Septemba kuna pia dhoruba za ghafla. Mvua inanyesha mlimani usikokuona, na korongo kavu ulilosimama ndani yake linashuka maji na mawe. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa zaidi.

Mimi napenda katikati ya Novemba. Ubaya wake ni siku fupi: jua linazama kama saa kumi na dakika arobaini jioni, na giza likiingia linaingia kweli.

Hatua ya pili: shika nafasi ya kambi

Ndani ya hifadhi hakuna hoteli, hakuna duka, hakuna kituo cha mafuta. Unalala kwenye kambi rasmi, kila nafasi ikiwa na meza, sehemu ya moto na mahali pa kuegesha gari. Nafasi moja inaruhusiwa watu wasiozidi sita. Vyoo vya shimo vipo na ni safi kuliko unavyofikiri. Bafu hakuna.

Kambi nyingi zinashikwa mtandaoni kupitia Recreation.gov, hadi miezi sita kabla. Wikiendi za msimu zinakwisha mapema mno, hivyo weka kengele kwenye simu. Hidden Valley, Belle na White Tank zimekuwa zikitolewa kwa anayewahi, lakini taratibu hubadilika, kwa hiyo hakikisha kabla ya kuondoka. Kwa safari ya kwanza yenye watoto mimi siwezi kubahatisha. Kufika Ijumaa jioni na kukuta pamejaa ni kutafuta ugomvi ndani ya gari.

Chaguo langu ni Jumbo Rocks. Ina nafasi zaidi ya mia moja, iko kama mita 1,340 juu ya usawa wa bahari, katikati ya matale yenyewe, na unaweza kutoka hemani ukaanza kutembea bila kuwasha gari. Ukiogopa kuwa mbali na maji, lala Black Rock au Cottonwood, ambako mabomba yapo. Indian Cove ni nzuri wakati wa baridi kwa sababu iko chini zaidi, ila haina barabara ya kuingia moja kwa moja katikati ya hifadhi. Kila ukitaka kwenda kuona kitu inabidi utoke nje uzunguke.

Kiingilio ni dola 30 kwa gari, kinatumika siku saba. Kadi ya mwaka ya hifadhi zote za taifa ni dola 80 kwa mkazi wa Marekani. Lipa mtandaoni kabla, au beba kadi ya benki.

Hatua ya tatu: maji

Hapa nitakaa kidogo.

Uongozi wa hifadhi unashauri angalau lita 4 kwa mtu kwa siku, na karibu mara mbili ya hapo ukiwa unatembea au joto limezidi. Mimi nachukua hesabu ya juu: watu wanne, siku mbili kamili, lita saba na nusu kila mmoja, jumla lita 60. Hayo ni madumu matatu. Dumu la galoni 5 linalouzwa Marekani ni takriban lita 19, yaani ndugu wa dumu letu la lita 20, na duka lolote la vifaa vya kambi utayapata yenye bomba dogo chini. Nunua yenye bomba. Dumu la lita 20 lililojaa halimimiki vizuri kwenye kikombe, na kila anayejaribu anamwaga.

Yajaze nyumbani. Ndani ya hifadhi maji ya bomba yanapatikana pembezoni tu: lango la magharibi, kituo cha askari cha Indian Cove, na kambi za Black Rock na Cottonwood. Katikati, ambako vivutio vyote viko, hakuna hata tone. Dumu la tatu nalifunga kwa utepe wa gundi na haliguswi hadi Jumapili asubuhi. Gari likichemsha au mtu akiumia tukachelewa, lile ndilo la kutuokoa.

Kuosha vyombo ndiko kunakokula maji kuliko unavyodhani. Futa sahani kwa karatasi kwanza, halafu sabuni kwenye beseni dogo, suuza kwenye la pili. Kwa kunawa mikono mimi natengeneza kibuyu chirizi kama vile vya vyoo vya shule: chupa yenye tundu moja dogo, imening'inizwa kwenye keria ya gari. Usikining'inize kwenye mti wa Joshua. Ni marufuku kufunga kitu chochote kwenye mimea, bembea wala kamba ya nguo. Wenye kutawadha, chupa ya nusu lita inatosha kwa mwangalifu, na ukifika mahali pa kuhofia maji ya kunywa, mchanga wa kutayamamia upo tele.

Kunywa maji matupu siku nzima nako kuna madhara, kwa kuwa chumvi inatoka na jasho. Tembea na karanga za chumvi, krispi, ndizi za kukaanga. Angalia rangi ya mkojo: ukifanana na chai ya rangi, umechelewa. Kichwa kikiuma, kichefuchefu kikija na miguu ikilegea, kaa kivulini, lowesha shingo na kifua, kunywa kidogo kidogo. Mtu akianza kuongea visivyoeleweka au akapoteza fahamu, hiyo ni dharura. Mpoze mwili kwa maji yoyote yaliyopo huku mwenzako akitafuta msaada.

Jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia ni nyuki. Majira ya joto na ukavu wanatafuta unyevu popote: kwenye bomba la dumu, kwenye kopo la soda, hadi kwenye matone yanayodondoka chini ya gari kwa sababu ya kiyoyozi. Funika maji, funga vioo vya gari, usiwapungie mikono. Kwenye kundi letu siku hizi kuna mtu mmoja anayejua kwamba kuumwa na nyuki kunamvimbisha koo. Dawa yake inakaa mfukoni mwake, si kwenye begi.

Hatua ya nne: mzigo

Kosa la pili la Mswahili, baada ya maji, ni baridi. Safari moja ya Januari nilikwenda na mashuka mawili ya Kimasai na blanketi la sebuleni, kwa hoja kwamba jangwa ni joto. Saa nane usiku nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha dereva, hita imewashwa. Hewa kavu haishiki joto; jua likizama, joto lote linapaa juu.

Kwa hiyo: begi la kulalia lenye alama ya nyuzi 20 za Fahrenheit, ambayo ni kama -7 za Selsiasi. Chini yake godoro la sponji au la kujaza upepo, maana ardhi inanyonya joto la mwili kuliko hewa. Kofia ya sufu, soksi kavu za kulalia tu, sweta na koti la kuzuia upepo. Mchana: kofia pana, shati jepesi la mikono mirefu, miwani. Mama yangu angenipa kanga nijifunike kichwani, na angekuwa sahihi. Beba kanga mbili, hutakosa kazi yake.

Viatu vifunge vidole. Raba zenye soli ngumu zinatosha kwa njia nitakazotaja. Buti ni bora. Ndala ni za kwendea choo tu, tena kwa tochi.

Vingine: tochi ya kichwani kwa kila mtu pamoja na betri za ziada, jiko la gesi na kiberiti, sanduku la huduma ya kwanza, koleo dogo la kutolea miiba, na chanuo la meno mapana. Chanuo nitalieleza tukifika Jumapili. Kuni nunua mjini karibu na hifadhi. Kuokota kuni ndani, hata kijiti kilichokauka, hairuhusiwi.

Chakula chetu ni rahisi. Maharage yanachemshwa nyumbani, yanaungwa, yanagandishwa kwenye mifuko na kulazwa kwenye deli. Ijumaa na Jumamosi yanafanya kazi ya barafu, Jumamosi jioni yanaliwa. Usijaribu kuchemsha maharage makavu kambini: kwenye mwinuko ule maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, gesi itakwisha maharage yakiwa bado yanagongana. Chapati zinapikwa Alhamisi usiku. Ugali unawezekana, ila kinga jiko dhidi ya upepo kwa bati au kwa mwili wa shemeji.

Mwisho wa kufungasha: pakua ramani ya hifadhi kwenye simu ili ifunguke bila mtandao, maana ukishapita lango simu inakufa. Mwachie mtu nyumbani karatasi: kambi gani, nafasi namba ngapi, njia zipi, Jumapili saa ngapi akiwa hajakusikia apige simu. Msiseme tu "tunaenda jangwani, tutaonana."

Ijumaa: fika kabla ya jua kuzama

Kutoka Los Angeles unashika barabara kuu ya 10 kuelekea mashariki, halafu unapinda kaskazini kwenye barabara ya 62. Bila foleni ni saa mbili na nusu hadi tatu. Ijumaa mchana foleni ipo, kwa hiyo ondoka kabla ya saa sita. Jaza mafuta Yucca Valley au mji wa Joshua Tree, hata kama tanki liko nusu. Ingia kwa lango la magharibi ukiwa na muda. Barabara ya Park Boulevard kutoka hapo hadi Jumbo Rocks inapita katikati ya miti na mawe yote mazuri.

Hema lisimamishwe mahali palipokwisha kusafishwa, si juu ya vichaka. Tazama sisimizi. Piga vigingi vyote, hata kama hewa imetulia, na weka mabegi mazito ndani. Upepo wa huku unaanza bila hodi. Niliwahi kuona hema la jirani, tupu, likibingirika kwenye vichaka kama mpira wa makaratasi, mwenyewe akilikimbilia na mwiko mkononi.

Kisha funga kanga kwenye kamba ya hema, upande unaotazama choo. Mimi yangu imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone." Sababu ni hii: usiku wa kwanza nilitoka saa saba kwenda kujisaidia, tochi ikazima njiani, na nilipogeuka kila jiwe lilikuwa jiwe lile lile. Nilizunguka kama dakika arobaini, nikijikwaa kwenye kamba za mahema ya watu, hadi nikasikia mtu anakohoa kikohozi ninachokijua. Sasa tunaacha na taa ndogo ya betri chini ya kanga.

Chakula chote na takataka zote zirudi garini kabla ya kulala. Mbweha wa huku, wanaoitwa coyote, watakuja kunusa, lakini anayenitia wasiwasi zaidi ni kunguru. Kunguru wameongezeka jangwani kwa sababu ya uchafu wetu, na wanakula vifaranga vya kobe wa jangwa, mnyama ambaye tayari yuko hatarini.

Jumamosi: tembea asubuhi, lala mchana, tembea jioni

Amka saa kumi na moja. Uji au chai, vitumbua, twende. Novemba jua linachomoza kama saa kumi na mbili na robo, na ukitaka kuupanda Ryan Mountain ni vizuri jua likukute tayari umeanza.

Njia ya Ryan Mountain ni kama kilomita 4.8 kwenda na kurudi, na inapanda mita 320 hadi kileleni kwenye mita 1,663. Kivuli hakuna. Sehemu kubwa ni ngazi za mawe, na dakika ishirini za mwanzo ndizo zinazokatisha tamaa. Ukishazoea pumzi inakaa sawa. Tulipokuwa na watoto tulitumia saa tatu na mapumziko. Kilele ni rundo la mawe na upepo. Unatazama chini unaona mabonde yaliyotawanyika miti ya Joshua kama nukta, na barabara uliyojia nyembamba kama uzi.

Kila mtu abebe lita 2 hadi 3 zake mwenyewe. Kanuni yetu ni moja: maji ya yeyote yakifika nusu, wote tunageuka. Watu wanapenda kujadili kanuni hii wakiwa karibu na kilele. Msiijadili.

Saa tatu na nusu rudini kambini. Kuanzia saa nne hadi saa tisa alasiri ni wakati wa turubai, karata na usingizi. Najua inauma kukaa chini ya turubai wakati umelipia hifadhi nzima, lakini hata kobe, ambaye ni mwenyeji, saa hizo yuko shimoni.

Alasiri kuna njia mbili fupi zinazofuatana vizuri. Hidden Valley ni duara la kilomita 1.6 ndani ya bonde lililozungukwa na mawe pande zote. Barker Dam, jirani yake, ni duara la kilomita 2 hivi hadi kwenye bwawa dogo lililojengwa na wafugaji wa ng'ombe. Mara nyingi halina maji. Usiende kwa ajili ya maji. Nenda kwa ajili ya kuona watu walivyohangaika kufuga mahali kama hapa. Karibu na njia kuna mwamba wenye michoro ya kale ya wenyeji, na inaonekana wazi ilivyopakwa rangi juu yake. Ni watu wa filamu walioona ya asili haionekani vizuri kwenye kamera. Wenyeji wenyewe, Wacahuilla, Waserrano na Wachemehuevi, walisukia vikapu na ndara majani ya mti wa Joshua. Mkonge tena, kwa jina lingine.

Kuhusu kupotea. Mawe haya yanavutia kupanda, na watoto watapanda. Shida ni kwamba kupanda ni rahisi kuliko kushuka, na nyuma ya jiwe unakuta jiwe. Makorongo makavu nayo yana mchanga laini uliokanyagwa, yanafanana kabisa na njia. Kila baada ya dakika chache geuka utazame nyuma, uone njia itakavyokuwa wakati wa kurudi. Ukihisi umepotea, simama. Kaa kivulini, weka kitu cha rangi juu ya jiwe, subiri. Anayetulia mahali pamoja hupatikana haraka kuliko anayezunguka. Simu ya dharura ipo kwenye maegesho ya Intersection Rock karibu na kambi ya Hidden Valley, na nyingine Indian Cove. Zitie alama kwenye ramani yako leo, si siku utakapozihitaji.

Nyoka wapo, wakiwemo wenye njuga mkiani. Kanuni ni ile ile ya nyumbani: usiingize mkono wala mguu mahali usipopaona.

Jua likikaribia kuzama endesha hadi Keys View, mita 1,580 juu. Hakuna kutembea, ni hatua chache kutoka kwenye gari. Chini kuna Bonde la Coachella, na kwenye sakafu yake unaona vilima virefu vyembamba vilivyopangana: hapo ndipo unapopita ufa mkubwa wa ardhi uitwao San Andreas. Vaa koti, upepo wa pale hauna adabu.

Usiku, zima kila taa. Mwaka 2017 hifadhi ilitambuliwa kimataifa kuwa eneo la anga la giza, na macho yakizoea, baada ya dakika ishirini hivi, utaelewa kwa nini. Funika tochi kwa karatasi nyekundu ya pipi ili usiyaharibu macho ya wenzako. Novemba Kilimia, kile kishada cha nyota, kinapanda mashariki mapema tu baada ya giza. Nilimwonyesha mwanangu, aliyezaliwa huku, nikamweleza jinsi wakulima na mabaharia wa pwani walivyokitumia kujua misimu: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Akaniuliza kama kina programu ya simu. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa ukimya kambini, na spika nimeshaiacha nyumbani.

Jumapili: chanuo

Kabla ya jua, kung'uta viatu, nge anapenda humo. Kisha endesha kama nusu saa kwenye barabara ya Pinto Basin hadi Cholla Cactus Garden. Hapo umeshaingia jangwa la pili. Miti ya Joshua imeisha na joto limepanda. Jua likichomoza nyuma ya cholla, aina ya kaktasi yenye miiba, kila mmea unawaka pembeni kama umevishwa manyoya ya dhahabu. Unatamani kuushika.

Usiushike. Vipande vyake hudondoka chini, na ukikigusa kidogo tu kinang'ang'ania. Kila mwiba una vijino vinavyotazama nyuma, kama ndoana. Mwanangu alirudi nyuma hatua moja kupisha mtu apige picha, kipande kikamkaa kwenye shavu la mguu, saizi ya limau. Alitaka kukivuta kwa mkono, na hapo ndipo watu wengi wanapoishia na vipande viwili. Nilimkamata kifundo, nikapitisha meno ya chanuo polepole kati ya ngozi na kile kipande, nikakirusha kwa mkupuo mmoja upande usio na mtu. Miiba sita ikabaki. Hiyo tuliitoa kwa koleo, mmoja mmoja, tukivuta wima kuelekea ulikoingilia. Alilia kwa wa kwanza, wa sita akahesabu mwenyewe.

Kufungasha kambi chukulia saa moja na nusu. Majivu ya moto mwagia maji, koroga, gusa kwa nyuma ya mkono, mwagia tena. Okota hadi vifuniko vya chupa na maganda ya machungwa. Kwenye ukavu huu ganda haliozi, linakauka tu na kukaa. Kabla ya kuwasha gari, inama utazame chini yake. Kobe wa jangwa hupenda kivuli hicho. Ukimkuta subiri aondoke mwenyewe, usimwinue: akishtuka anaweza kumwaga maji aliyohifadhi kibofuni, na huenda hatapata mengine hadi mvua inayofuata.

Tokeni kabla ya saa sita, la sivyo mtakutana na Los Angeles nzima ikirudi nyumbani kwenye barabara ya 10. Dumu la tatu likiwa halijafunguliwa, nanyi mmebaki na chupa za njiani, zunguka kwenye nafasi za jirani. Kila Jumapili kuna mtu aliyefika na katoni moja.